Joto Lilipimwa Sebuleni

Kaka yangu alinipigia simu asubuhi moja ya mwezi wa saba. Nilikuwa Iringa, kwenye chumba nilichoendelea kukipanga baada ya kumaliza chuo kwa sababu sikuwa nimeamua pa kwenda. Hakusalimia.

"Kile kidude cha ukutani kimekufa," alisema. "Mashine haiwaki. Mtoto anapoa."

Neno la mwisho alilisema upesi, kama mtu anayezungumzia chai. Nikamuuliza anapoa vipi. Akasema mkewe ndivyo alivyomwambia kwenye simu. Yeye mwenyewe alikuwa Njombe, kwenye ufundi wake wa vyumba vya baridi vya kuhifadhia maparachichi, na msimu ulikuwa juu, asingeweza kutoka. Kidude cha akiba kilikuwa ndani ya boksi la vipuri vyake, chini ya kitanda changu. Nipande basi la alfajiri, nikibadilishe.

"Mimi si fundi," nilisema.

"Wewe unabishana na kila kitu. Ukabishane na hicho nacho."

Mtoto alikuwa wa kwake, wa kwanza, na alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Hospitali walikaa naye mpaka waliporidhika kwamba ananyonya na kuongezeka, kisha wakamruhusu kwa sharti moja ambalo kila nesi aliyepita kitandani alilirudia: asipoe. Abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, na chumba kiwe na joto. Nilimshika mara moja tu kabla hawajatoka, nikajikuta nafunua kanga kidogo kuhakikisha kwamba kweli kuna mtu ndani yake.

Kwa hiyo kaka alileta mashine. Lodge moja Iringa ilikuwa inavunjwa, akachukua kule mtambo wa kupasha joto vyumba, akaufunga kwenye nyumba ya baba huko Uyole. Boksi kubwa lenye feni lilikaa nyuma ya nyumba, mabomba yakapanda darini, na kila chumba kikapata tundu la kupitishia hewa. Alinieleza kwamba ni friji lililogeuzwa. Friji linatoa joto ndani na kulitupa nje, na hili linalitoa nje na kulileta ndani.

"Joto gani liko nje, Uyole, mwezi wa saba?" nilimuuliza.

"Lipo. Hata kwenye baridi lipo, ni dogo tu."

Sikumwamini, maana sina tabia ya kuamini jambo kwa sababu tu limesemwa na mtu mwenye bisibisi mkononi. Lakini mashine ilipowashwa, joto lilikuja. Likakaa wiki mbili nzuri. Mashine nzima iliongozwa na kitu kimoja kidogo cheupe, cha ukubwa wa kiganja, kilichofungwa ukutani sebuleni. Mafundi wanakiita themostati, nyumbani kwetu kiliitwa kidude. Kazi yake ilikuwa kupima joto la mahali kilipo na kuiamuru mashine iwake au ipumzike. Sasa kilikuwa kimekufa, ndivyo tulivyoambiwa.

Nilishuka Uyole kesho yake mchana. Upepo ulikuwa unabeba vumbi la barabara kuu na kulimimina juu ya viazi vilivyorundikwa kando, na wauza viazi walikuwa wamevaa makoti juu ya masweta. Malori yalisimama kwa foleni injini zikiunguruma. Nilitembea hadi nyumbani na kidude ndani ya mfuko wa koti, nimekikumbatia kwa mkono kana kwamba nacho kingeweza kupoa.

Mama alikuwa uani, anapepea mkaa.

"Umekuja na dawa?"

"Nimekuja na kipuri, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sikiliza. Jioni nisipoona joto mle chumbani, naingiza jiko. Sitamwangalia mjukuu wangu akibadilika rangi huku ninyi mmeshika bisibisi."

"Jiko la mkaa? Mle ndani?"

"Unajua jiko lingine?"

Chumba kile kaka alikuwa amekiziba. Nyufa zote za dirisha alizijaza sponji na gundi ili joto la mashine lisitoke, na chini ya mlango alibandika mpira. Hapakuwa na pa hewa kutokea. Mtaa wa nyuma yetu, kwenye baridi ya mwaka uliotangulia, mume na mke walikutwa kitandani mchana na jiko la mkaa katikati ya chumba. Mama mwenyewe alikwenda kulia kwenye msiba ule, na ndiye aliyerudi na kutusimulia kwamba shuka zilikuwa zimenyooka, hakuna aliyejigeuza.

Nilimkumbusha.

"Wale walilala," akasema. "Mimi nitakaa macho."

Nadhani hata wale walipanga kukaa macho. Nikamwambia kama ni hivyo turudi hospitali leo hii. Akaacha kupepea.

"Juzi tulikwenda. Wakampasha, akawa mzuri, akanyonya, wakatuambia turudi nyumbani chumba kiwe na joto. Tukarudi. Akapoa tena." Alichukua kaa kwa vidole vyake vigumu na kuliweka vizuri juu ya mengine. "Hospitali wanampasha. Sisi ndio tunaompoza. Tatizo liko humu, si kule."

Tukakubaliana kitu kimoja, kwa shida. Nijaribu kidude kwanza. Jua likizama na chumba bado kina baridi, nitafute gari, na jiko halitaingia. Aliitikia kwa kichwa, lakini hakuniangalia.

Sebuleni baba alikuwa kwenye kiti chake, kile cha mbao chenye mito miwili, kimeegemezwa ukutani. Baba ni mwalimu mstaafu na miguu yake haivumilii baridi. Blanketi lilikuwa magotini, redio pembeni, jiko la mkaa karibu na nyayo. Kidude kilikuwa juu kidogo ya kichwa chake, upande wa kulia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumfufua huyu?" Alinyoosha kidole gumba kuelekea juu bila kugeuka. "Wiki nzima anasema ishirini na sita. Watu wanatetemeka, yeye ishirini na sita. Mwongo kuliko mwanasiasa."

Nilitazama. Kioo kilionyesha ishirini na sita. Mashine ilikuwa imepangwa kuwaka joto likishuka chini ya ishirini na nne, kwa hiyo kwa hesabu ya kidude hapakuwa na sababu ya kuwaka.

Nikaingia chumbani kwa wifi yangu.

Baridi ya mle haikuwa kama ya nje. Nje upepo unakupiga, unajua unapigana na nani. Mle ndani baridi ilikuwa imekaa tu, imetulia kama kwenye ghala. Wifi alikuwa kitandani ameegemea ukuta, blanketi mbili, kofia ya sufu, na chini ya sweta yake uvimbe mdogo ambao ndio ulikuwa mtoto.

"Kamwene, wifi," nilimsalimia kwa lugha ya kwao. Yeye ni Mhehe, wa vijiji vya karibu na Tosamaganga.

"Kamwene. Pole na safari." Aliongea kwa sauti ya chini. Wakati wote katika nyumba ile aliongea kwa sauti ya chini.

Nikaingiza mkono chini ya sweta, nikaushika mguu wa mtoto. Ulikuwa baridi kama kijiko.

"Halii?"

"Alikuwa analia juzi," alisema. "Sasa ananyonya kidogo, anaacha."

Sikupenda kwamba halii. Nilitamani apige kelele nyumba nzima isikie.

Hapa lazima nieleze jambo moja la nyumbani kwetu, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Kwa desturi ya sisi Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani. Hatamtazama usoni, hatakaa naye chumba kimoja, hatapita mbele yake, na yeye vilevile. Mjini wengi wameiacha, wanakula meza moja na kupiga picha pamoja. Baba hakuwahi kutamka kwamba nyumbani kwake ifuatwe. Nilimuuliza mara moja, nikiwa bado chuoni na maswali yangu yote mdomoni, akanijibu, "Mimi sijamkataza mtu." Ni kweli, hakumkataza mtu. Alikohoa tu kabla ya kuingia korido, na baada ya muda sote tukawa tunajua kikohozi kipi ni cha mafua na kipi kinamaanisha pisheni.

Wifi aliishika desturi ile kuliko sisi wenyewe tuliozaliwa nayo. Nadhani alifanya hivyo kwa sababu hakuwa wa kwetu. Mama yake alimwambia asije akasemwa. Alitumia mlango wa nyuma, alizunguka nyumba kwenda bafuni hata mvua ikinyesha, na sauti ya baba ikisikika alijifunika kanga kichwani hata akiwa peke yake chumbani. Nilikuwa namtania: "Wifi, ukuta hauna macho." Alikuwa anacheka kidogo, kisha anaivuta kanga vilevile.

Mimi nilikuwa naingia sebuleni na naingia chumbani. Katika nyumba ile habari za upande mmoja zilifika upande wa pili kupitia kwangu au kwa mama.

Nilizima umeme kwenye swichi kuu na kurudi sebuleni na bisibisi. Baba alisogeza kiti kidogo bila kusimama, na kwa mguu akasogeza na jiko. Nilifungua kifuniko. Ndani kulikuwa na nyaya nyembamba za rangi tano au sita. Nikazipiga picha, nikampigia kaka.

"Usiamini rangi," alisema. Nyuma yake nilisikia feni kubwa na watu wakisukuma makreti. "Aliyefunga kule lodge alitumia rangi zilizokuwepo. Amini herufi. Kila waya uko kwenye tundu lenye herufi, uurudishe kwenye herufi ileile. Na huo wa rangi ya chungwa, huo kuwa nao makini sana."

"Kwa nini?"

"Ndio unaogeuza friji. Ukiukosea, kidude kitaomba joto, mashine italeta baridi. Kitaona baridi imezidi, kitaomba tena, mashine itaongeza baridi. Hakuna atakayesimamisha."

Nilikaa na sentensi ile kwa muda kabla sijagusa chochote. Kisha nikafanya kama alivyosema, waya kwa waya, herufi kwa herufi, nikitamka kwa sauti. Baba alikuwa ananisikiliza.

"Unasoma kama darasa la kwanza," alisema.

"Ndivyo ulivyonifundisha."

Akacheka kifuani. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu kilikuwa cha mwisho siku ile.

Nilirudisha umeme. Kidude kipya kilipowaka kilionyesha thelathini, joto la mikono yangu. Nikangoja. Ishirini na tisa. Ishirini na nane. Nikatega sikio kwa mlio wa mashine nyuma ya nyumba, haukuja. Ishirini na saba. Ishirini na sita, kikasimama.

"Hata huyu mwongo," baba alisema. "Wamezaliwa tumbo moja."

Mama alichungulia mlangoni, akaona uso wangu, akarudi uani. Nilimsikia akimwaga mkaa kutoka kwenye gunia.

Nilikaa sakafuni na kidude cha zamani mkononi. Nilikuwa na hofu, na nikiwa na hofu huwa nabishana. Vidude viwili. Kimoja kimekaa ukutani, kingine kimekaa wiki kadhaa kwenye boksi Iringa. Vyote viwili vinaharibika, sawa, inawezekana. Lakini vinaharibika kwa namba ileile? Mtu mwongo na mwenzake, wasiojuana, wakitoka njia mbili tofauti na kusema jambo moja, mimi huanza kushuku kwamba hawadanganyi.

Basi kuna joto la ishirini na sita mahali fulani. Wapi?

Mama aliingia na vitambaa mikononi, akainama, akabeba jiko kwa masikio yake ya chuma. "Mkaa umekwisha, naongeza," akamwambia baba, akatoka nalo.

Sikuwa natazama jiko, nilikuwa natazama namba. Ishirini na tano. Baba alivuta blanketi. Ishirini na nne. Mlango wa uani ulikuwa wazi, upepo uliingia ukasukuma pazia. Ishirini na tatu, na ndani ya kidude kitu kikagonga kidogo, tak, na nyuma ya nyumba feni ikaanza kuvuma.

"Imewaka!" mama alipiga kelele uani. "Umeiponya! Digrii imefanya kazi!"

Nilikimbilia chumbani. Nikapanda kitandani bila kuvua viatu na kuinua kiganja kwenye tundu la darini. Hewa ilitoka baridi kwanza, kisha vuguvugu, kisha ikawa na joto hasa. Wifi aliinua uso wake na kufumba macho. Hakushangaa. Nililiona hilo, nikaliacha lipite.

Halafu nilisikia hatua za mama zikirudi ndani, na jiko likiwekwa chini. Kikohozi cha baba, kile cha kujiweka sawa kwenye kiti. Baada ya muda mfupi, tak. Feni ikafa. Hewa juu ya kiganja changu ikapoa, ikaisha.

Nilibaki nimesimama kitandani na mkono juu.

Jiko lilikaa chini ya kidude. Kidude kilipima jiko. Kiliona sebule ina joto la kumtosha mzee, kikaiambia mashine ilale, na nyuma ya ukuta uleule, mahali ambapo joto halikupimwa na mtu yeyote, mtoto alikuwa anapoa.

Nilishuka, nikakaa karibu na wifi.

"Kidude hakijafa," nilimwambia. "Hakijawahi kufa. Ni jiko."

"Najua," alisema.

Nilidhani sikumsikia vizuri.

"Najua, wifi. Niko humu siku nzima, nina kitu gani kingine cha kusikiliza? Mama akitoa jiko, inawaka. Akirudisha, inazima. Nilijua tangu siku ya pili baba alipoanza kuwekewa jiko, wiki iliyopita."

"Na kaka ulimwambia kidude kimekufa."

"Ningesema nini?" Bado alikuwa ananong'ona, lakini sasa maneno yalitoka yamebanwa. "Kwamba baba mkwe aondoe moto wake? Mimi, niliyekuja juzi? Mashine ikiharibika hakuna aliyekosewa heshima. Inaitiwa fundi, basi."

"Ungemwambia mumeo ukweli, yeye angesema."

"Angempigia baba yake. Na baba yake angeuliza nani kasema."

"Na kama nisingekuja? Mama anataka kuingiza mkaa humu jioni."

Alichungulia ndani ya sweta, akapuliza taratibu juu ya kichwa cha mtoto, kama mtu anavyopuliza kaa lisizime. Na mimi, niliyejisifia kuhoji kila kitu, nilitambua kwamba nilikuwa nimebeba kipuri kutoka Iringa mpaka Uyole kwa ajili ya kitu kizima, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee katika nyumba ile ambacho mwanamke huyu aliruhusiwa kukilalamikia.

Aliniambia, "Usinitaje."

Nilikwenda sebuleni, nikachuchumaa mbele ya baba.

"Baba, naomba jiko lihamie kona ile."

"Miguu yangu iko hapa."

"Basi tuhamishe na kiti."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Nilijitahidi kueleza vizuri, kidude kinavyopima, mashine inavyongoja, jiko linavyoidanganya. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama alivyowasikiliza wanafunzi ambao tayari alijua watakosea wapi.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayempoza mjukuu wangu."

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Nani kakwambia?"

"Nimeona mwenyewe. Jiko lilipotoka, namba ilishuka."

"Uliona, ukaingia chumbani, ukatoka ndio ukajua." Alizima redio. Alipoendelea hakuwa ananitazama mimi. Aligeuza uso kidogo kuelekea ukutani, na sauti yake ikapanda. "Mimi sijamkataza mtu kusema katika nyumba hii. Mtu mwenye neno na aseme."

Nyuma ya ukuta kitanda kililia mara moja. Kisha hakikulia tena.

"Nani kasema?" akauliza tena, taratibu.

"Mimi."

"Wewe huna mtoto."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa masizi. Akamwita kwa jina la mzaliwa wao wa kwanza, baba wa fulani, kama anavyofanya akiwa anaomba. "Mtoto amepoa," akasema. Hilo tu.

Baba alinyoosha mguu, akaweka kidole kwenye ukingo wa jiko, na kulivuta. Si kulisogeza mbali. Alilivuta karibu zaidi, mpaka blanketi likaanza kunuka kuungua.

"Jiko ni langu," alisema. "Kidude ni chenu. Hamisheni kidude."

Sijui kama alitegemea kwamba kidude kingeweza kuhamishwa. Nilitoka uani nikampigia kaka. Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa mlima, na kivuli cha nyumba kimefika kwenye karo. Sikumwambia mengi. Nilimwambia nataka kidude kiwe chumbani.

Nadhani alielewa hapo hapo, zaidi ya nilivyotaka.

"Chumba chetu kiko nyuma ya ukuta uleule," alisema. "Tofali moja tu. Toboa palepale kilipo, upitishe nyaya upande wa pili."

Nilizima umeme tena. Sikuwa na drili, nilikuwa na nyundo na msumari wa inchi sita. Wifi alijibanza na mtoto kona ya mbali, amejifunika blanketi lote kwa sababu ya vumbi. Mimi nilisimama juu ya kichwa cha baba nikigonga ukuta wake. Hakusimama wala kusogea. Unga wa tofali ulimwagika begani kwake, kwenye blanketi, juu ya mkaa ukatoa cheche, naye akabaki ametazama mbele, macho kwenye mlango, kama abiria anayengoja kuitwa. Nilitaka aseme kitu. Nilikuwa nimezoea baba anayebishana. Huyu sikumjua.

Msumari ulipotokea upande wa pili nilisikia wifi akivuta pumzi.

Nilisukuma nyaya, nikazunguka, nikazivuta chumbani. Nikafunga kidude upande wake, kwenye kimo ambacho angeweza kukifikia akiwa ameketi. Nikasoma herufi tena, mara mbili, na waya wa rangi ya chungwa mara tatu. Nikaziba tundu kwa pamba. Nikarudisha umeme.

Kumi na nne, kidude kikasema.

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kutamka ukweli wa chumba kile. Tak. Nyuma ya nyumba feni ikaanza kuvuma, na safari hii haikunyamaza. Mama akaleta jiko lake la pili mpaka mlangoni, moto tayari, akasimama nalo, akasikiliza, akalitua, akainua kiganja kwenye hewa iliyoshuka kutoka darini. Akageuka na kulirudisha uani. Nilimsikia akilimwagia maji.

Kumi na saba. Kumi na tisa. Wifi alifungua sweta kidogo. Tulitazama namba kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Ishirini na mbili ilipofika niliushika tena mguu wa mtoto. Niliushika muda mrefu, maana sikuviamini vidole vyangu, nikaubana shavuni. Ulikuwa wa vuguvugu. Akakunja uso, akafungua mdomo, akalia. Kilio chembamba, cha hasira, kilichojaa chumba kizima. Wifi naye akaanza kulia, akicheka, akimpa titi, na mtoto akalikamata kwa nguvu ambayo sikuwa nimeiona kwake.

"Ndaga, ndaga," mama alikuwa anasema mlangoni, kwa Kinyakyusa, akimshukuru sijui nani.

Ndipo sauti ya baba ilipokuja. Haikuja kwa njia ya korido kama kawaida, ilikuja ukutani, kwenye tundu nililoliziba kwa pamba, karibu kabisa na sikio la wifi.

"Mwambie huyo apunguze."

Sebuleni sasa kulikuwa na jiko, na juu ya jiko kulikuwa na joto la mashine lililomiminika kutoka darini. Nilijua jinsi kulivyokuwa. Dawa ilikuwa ni kutoa jiko tu.

"Huku kunachoma. Mwambie apunguze."

Katika miaka yote aliyoishi pale wifi hakuwahi kuambiwa neno na baba, na hata hili hakuambiwa yeye, niliambiwa mimi. Lakini alilisikia kila herufi. Mkono wake ulikwenda kichwani kutafuta kanga, ukaikuta, ukaivuta mpaka kwenye paji la uso. Kisha ukashuka ukatua kwenye kidude, kidole gumba juu ya kitufe cha kupunguza.

Mama alitikisa kichwa, sikujua kama ni kwa wifi au kwa baba.

"Nani anaongoza nyumba hii?" baba aliuliza ukuta.

Kidude kilikuwa kimefika ishirini na nne. Mtoto alikuwa ananyonya, tunamsikia akimeza. Wifi alimtazama, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza sikuona machoni mwake kwamba anataka nimbebee neno kwenda upande wa pili. Akasogeza kidole gumba kwenye kitufe cha jirani, cha kuongeza, akabonyeza.

Ishirini na tano.

Tulingoja kusikia kutoka upande wa pili kiti kikisogezwa, au masikio ya jiko yakinyanyuliwa. Hapakusikika kitu.